Kipimo cha mkojo kilisema saratani, hadubini ikaona mayai ya kichocho. Baba mdogo wangu aliponzwa na nani?

Mpimaji_Sabaki (mleta uzi)
Jumatatu, saa 3:10 usiku

Wadau, salaam. Mimi ni mtu wa maabara hapa Malindi, huu mwaka wa 11 natazama mikojo ya watu. Ni kazi isiyo na sifa, lakini visa vyake havikosekani. Cha leo ni cha baba mdogo wangu, na kosa kubwa lililomo ni langu, kwa hiyo mkiona naandika kwa ukali msidhani nawasema wengine.

Mzee ana miaka 57, analima kando ya Sabaki, upande wa Garashi. Mto huo amekuwa akiuoga, akiuvuka na kuuvua tangu hajatahiriwa. Mwaka jana, masika hayajaanza, akaona damu mwisho wa mkojo, yale matone ya kumalizia. Maumivu hayakuwa makubwa. Akaingia kituo kimoja cha binafsi (sitakitaja), wakadondosha mkojo wake kwenye kiplastiki kama kile cha kupimia mimba. Mstari wa pili ukajitokeza. Akaambiwa pale pale kaunta, watu wamesimama nyuma yake: "Mzee, hii ni saratani ya kibofu." Akalipa shilingi 3,500, akarudi nyumbani, akawaita wanawe kuwagawia shamba.

Kesho yake akaniletea mkojo saa tano asubuhi. Nikachuja mililita 10 na kutazama: mayai 34, kila moja na mwiba wake mkiani, kichocho cha mkojo bila shaka yoyote. Nikampigia simu nacheka. Nilicheka, wadau, hilo ndilo linaloniuma. "Baba mdogo, rudisha shamba lako, ni kichocho tu."

Akameza dawa ya kichocho, prazikwanteli, vidonge vinne vya miligramu 600, maana ana kilo 60. Damu ikakatika. Wiki ya tano ikarudi. Nikamwambia, "Umeoga tena mtoni wewe." Akameza tena. Ikapungua, ikarudi. Miezi mitano nikimlaumu kwa kuoga. Mwishowe binti yake akanipuuza, akampeleka Mombasa. Daktari wa njia ya mkojo akaingiza kamera, akakuta uvimbe ukutani mwa kibofu. Wamekata kinyama, tunasubiri majibu.

Sasa swali linalonikosesha usingizi: kile kiplastiki kilikuwa sahihi na mimi ndiye mjinga? Ninalo jibu langu, lakini nataka kusikia yenu kwanza.

---

Chumvi_ya_Gongoni
Jumatatu, saa 3:34 usiku

Jibu mbona liko wazi. Kipimo kilisema saratani, kamera ikakuta uvimbe. Wewe na hadubini yako mlimchelewesha mzee miezi mitano. Pole lakini ndiyo hivyo. Mnapenda kudharau vitu vipya.

---

BintiMambrui
Jumatatu, saa 3:41 usiku

Chumvi, mtu kaja na kidonda chake unakimwagia jina lako. Mwache aeleze.

Kaka Mpimaji, hicho kiplastiki kinapima nini hasa? Saratani inatoka kwenye mkojo?

---

Mpimaji_Sabaki
Jumatatu, saa 4:20 usiku

Chumvi hajakosea kuuliza, ndivyo nilivyojiuliza mwenyewe. Dada Mambrui, nitajibu swali lako, jibu lake litamfikia na yeye.

Saratani yenyewe haionekani kwenye kiplastiki. Kinachotafutwa ni protini. Ziko nyingi zilizojaribiwa, nitataja mbili ndizo zinazojulikana sana kwenye vipimo vya haraka.

Ya kwanza wanaiita BTA. Katika damu yetu kuna protini za ulinzi zinazotoboa kila kigeni. Ili zisitutoboe sisi wenyewe, mwili una protini nyingine ya kuzituliza, inaitwa fakta H. Uvimbe wa kibofu ni mwerevu, hutengeneza kitu kinachofanana na fakta H ili usishambuliwe. Kipimo hunasa kitu hicho mkojoni. Mpaka hapo ni akili tupu, nawavulia kofia waliobuni. Ila fakta H ya kawaida imejaa ndani ya damu ya kila mtu. Damu ikivuja mkojoni, kwa sababu yoyote ile, inavuja pamoja nayo, na kipimo kinaweza kuchora mstari wake. Jiwe la figo, maambukizi, hata mpira wa mkojo uliotoka jana, vyote vinaweza.

Ya pili ni NMP22. Hii inakaa ndani ya kiini cha seli na kazi yake ni kusaidia kugawa kromosomu seli inapozaliana. Seli ikifa humwaga vilivyomo. Uvimbe una seli nyingi zinazozaliana na kufa ovyo, kwa hiyo NMP22 hupanda mkojoni. Lakini kibofu kilichochubuka nacho kina seli zinazokufa.

Na kichocho ni nini kama si kibofu kilichochubuka kinachovuja damu?

Sasa Chumvi, sikiliza nilichofanya wiki iliyopita. Nilinunua viplastiki viwili vya aina ile ile kwa pesa zangu. Kimoja nikadondoshea mkojo wangu: mstari mmoja, safi. Cha pili, kwa idhini ya mama yake, nikadondoshea mkojo wa kijana wa miaka 12 wa huko huko mtoni, mwenye mayai na damu. Mistari miwili, ya pili imekoza kuliko ya baba mdogo. Kijana huyo baadaye alimeza dawa, leo mkojo wake mweupe kama maji ya dafu na anacheza mpira.

Kwa hiyo tuseme kwa mzee kipimo kilipatia, sawa. Kwa kijana kingepatia? Mlinzi anayempigia kelele kila apitaye, siku mwizi akipita atakuwa amepiga kelele pia. Utampa zawadi?

---

Chumvi_ya_Gongoni
Jumatatu, saa 4:33 usiku

Hapo umenibana kidogo. Lakini bado: mlinzi alipiga kelele, wewe ukamwambia anyamaze. Ungeamka ukatazama.

---

Mpimaji_Sabaki
Jumatatu, saa 4:36 usiku

Hilo nakubali lote. Ndilo kosa langu na ndiyo maana nimefungua uzi.

---

NesiMstaafu
Jumanne, saa 12:15 asubuhi

Wanangu, nimeswali alfajiri nikaona mmekesha. Nimefanya kazi ya uuguzi vijijini Magarini zaidi ya nusu ya umri wangu, niseme machache.

Mnazungumza mayai kana kwamba yote hutoka na mkojo. Hapana. Minyoo ya kichocho, dume na jike wamekumbatiana, hukaa kwenye mishipa midogo ya damu iliyozunguka kibofu. Jike hutaga mayai kwa makumi na mamia kila siku, na anaweza kuishi miaka. Yai lina mwiba, linajisukuma kupita ukuta wa kibofu ili litoke na mkojo lifike majini kwa konokono wake. Mengi hayafiki, yanakwama ukutani. Mwili unayazungushia askari, panavimba, panapona kwa kovu, yai linageuka chokaa. Nimewahi kuonyeshwa na daktari ndani ya kamera: mabaka kama mchanga wa ufukweni, mayai matupu yaliyokufa zamani.

Kwa hiyo ukimpa mtu dawa leo, minyoo hufa. Mchanga ule ukutani dawa haiufagii. Mtoto wa miaka 12 ukuta wake bado laini, utapona vizuri. Mzee wa miaka 57 aliyeoga mto huo miaka 50 ana makovu juu ya makovu.

Jambo jingine, na hili nalisema kwa uchungu. Wazazi wengi huku huniambia, "Mtoto wangu alimeza dawa ya minyoo shuleni, hawezi kuwa na kichocho." Muulize ilikuwa dawa gani! Ile albendazoli ya kutafuna ni ya minyoo ya tumbo, kichocho haikigusi hata kidogo. Ya kichocho ni prazikwanteli, vidonge vikubwa vichungu, na huhesabiwa kwa kilo: miligramu 40 kwa kila kilo. Shuleni walikuwa wakitumia fimbo ya urefu badala ya mizani. Ale kwanza kabla ya kumeza, la sivyo atatapika na kizunguzungu juu.

---

BintiMambrui
Jumanne, saa 1:02 asubuhi

Bi Nesi, Mungu akuweke. Mwanangu wa kiume ana miaka 9, likizo zote yuko kwa bibi yake mtoni. Wiki mbili hizi namwona anakwenda chooni kila saa na kufinya uso. Nilidhani ni pilipili. Mkojo nauona wa kawaida, hauna wekundu.

---

NesiMstaafu
Jumanne, saa 1:20 asubuhi

Wekundu si lazima uuone kwa macho, binti yangu. Mpeleke apimwe. Na wewe mwenyewe ulikuwa ukichota maji kwa bibi yake?

---

BintiMambrui
Jumanne, saa 1:24 asubuhi

Mpaka nilipoolewa.

---

NesiMstaafu
Jumanne, saa 1:31 asubuhi

Basi pima nawe. Wanawake ndio tunaopotea hapa. Damu ikionekana kwenye nguo ya ndani inasingiziwa hedhi. Ikizidi inasingiziwa ugonjwa wa zinaa, na mume anaanza maswali. Mayai hayo hukwama hadi mlango wa kizazi. Nimewaona wanawake waliotibiwa zinaa mara nne na hakuna aliyewauliza, "Mto gani uliochota maji ukiwa msichana?"

---

Mwenyi_Langoni
Jumanne, saa 2:05 asubuhi

Nanyi watu wa Malindi muna maneno! Sisi wa Amu mai yetu ni ya kisima, na bahari ni ya tumvi, konokono huyo haishi humo. Lakini nikiwa kiyana tulikwenda Witu na huko mto wa Tana kwa kazi ya kukata miti. Tulioga tukarudi. Mwendani wangu akakojoa damu, wazee wakateka, wakamwambia, "Yeo umekuwa mume." Sote tukaona wivu sisi tusiokojoa damu! Hakuna aliyetuambia ni maradhi. Yeye amefariki zamani, kwa maradhi ya figo walisema. Yeo nasoma hapa nauliza moyo wangu.

---

Mkulima_Mpeketoni
Jumanne, saa 2:40 asubuhi

Mzee Mwenyi, kisiwani mko salama kweli, lakini Lamu si kisiwa tu. Sisi huku bara tuna Ziwa Kenyatta na madimbwi ya mvua yasiyohesabika. Watoto hawasikii. Dimbwi likikauka tunadhani konokono wamekufa, mvua ikinyesha wamo tena.

Swali langu kwa wataalamu: kichocho na saratani, ni uhusiano wa kweli au ni watu kutishana? Maana hapa nyumba nzima tumewahi kukojoa damu, na sisi si maiti.

---

DkKaskazi
Jumanne, saa 7:50 mchana

Nimesoma uzi wote wakati wa chakula, wali umepoa. Mimi ni daktari, nasomea kutazama vinyama vilivyokatwa. Nitajibu kwa urefu, mtanisamehe.

Uhusiano ni wa kweli na wa zamani kuliko tunavyodhani. Mayai ya kichocho yaliyogeuka chokaa yalipatikana ndani ya figo za maiti zilizokaushwa za Misri ya kale, daktari Ruffer alizieleza mwaka 1910. Mnyoo wenyewe ulitambuliwa Cairo mwaka 1851 na Mjerumani Theodor Bilharz, ndiyo maana vitabu vinauita bilhazia. Mwaka 1911 daktari Ferguson, naye akiwa Misri, akaandika kuhusu wagonjwa 40 ambao kichocho na saratani ya kibofu vilikuwa vimekaa pamoja. Ilichukua hadi mwaka 1994 kwa shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, kuuweka mnyoo huu kwenye kundi la kwanza, yaani vile vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Tumbaku imo kundi hilo hilo, Chumvi.

Lakini Mkulima hajakosea: wengi waliokojoa damu utotoni hawapati saratani. Inahitaji miaka mingi ya kuumia na kupona mahali pale pale. Utando wa kibofu ni laini, umeumbwa kuvumilia mkojo. Ukichubuliwa kila siku hujibadilisha, unakuwa bapa na mgumu kama ngozi ya kisigino. Juu ya hapo kibofu chenye makovu hakijikamui vizuri, mkojo unabaki, bakteria wanaota humo, na bakteria hao huzalisha nitrosamini, kemikali zinazoharibu jeni. Mahali pamoja una seli zinazozaliana kwa haraka kuziba kidonda, na una sumu inayochafua nakala zake. Siku moja nakala mbaya inaota.

Ndiyo maana saratani ya kibofu inayotokana na kichocho mara nyingi si ile ya Ulaya. Huko, karibu tisa kati ya kumi ni ya yurothelia, yaani inaota kutoka utando ule laini wenyewe, na sababu kubwa ni sigara, wagonjwa wakiwa wazee wa miaka 65 na kuendelea. Penye kichocho kingi tunaona zaidi saratani ya seli bapa, yaani inayoota kwenye utando uliogeuka bapa, na huja mapema, kwenye miaka ya 40 na 50. Misri inaonyesha vizuri: mwaka 1980 katika taasisi yao ya saratani Cairo seli bapa zilikuwa zaidi ya robo tatu ya saratani za kibofu, na kufikia 2005 zilishuka hadi kama robo. Kichocho kilipungua, sigara ikachukua nafasi yake. (Misri ililipa bei kubwa kufika hapo. Kabla ya prazikwanteli walikuwa wakidunga watu sindano za dawa ya antimoni kijiji kwa kijiji, sindano hazikuchemshwa vizuri, wakasambaza homa ya ini aina ya C kwa watu wasiohesabika. Lakini huo ni uzi mwingine.)

Sasa turudi kwa protini, maana hapo ndipo Mpimaji alipogusa jambo ambalo hata sisi madaktari tunalipita haraka.

Vipimo vya BTA na NMP22 vilipimwa ubora wake hasa kwa wagonjwa wa nchi ambazo kichocho hakipo. Kule mtu akikojoa damu, orodha ya sababu ni fupi. Ukileta kipimo hicho Garashi, orodha imebadilika na kipimo hakijui kimehamishwa. Fanyeni hesabu hii, ni ya mfano tu, si takwimu za mahali popote: watu 1,000, wawili wana saratani, 200 wana kichocho kinachovuja damu. Tuseme kipimo kinanasa wote wawili wa kwanza, na nusu ya wa pili. Mistari 102. Mhudumu wa kaunta akimwambia kila mmoja "una saratani", amesema kweli mara mbili na amegawisha mashamba mia moja bure.

Na hata huko vilikotengenezwa sijui mwongozo unaoruhusu protini ya mkojo ichukue nafasi ya kamera kwa mtu aliyekojoa damu inayoonekana kwa macho. Vinasaidia kumfuatilia mtu ambaye saratani yake inajulikana. Kuviuza kaunta kama jibu la mwisho ni biashara.

Watu wamejaribu kutafuta protini ya seli bapa hasa. Denmark, miaka ya 1990, waliona kwamba uvimbe wa seli bapa humwaga mkojoni protini iitwayo soriasini. Nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Kisha nikakumbuka jina lake limetoka wapi: iligunduliwa kwenye ngozi ya wagonjwa wa soriasi, ngozi iliyovimba isiyo na saratani yoyote! Unaona mchezo? Kila tunapopata alama ya uvimbe mbaya, tunakuta uvimbe wa kawaida nao unaivaa. Protini nyingine, ECP, hutoka kwenye eosinofili, wale askari wanaozunguka mayai. Hiyo hupanda mkojoni kichocho kikiwa kimechachamaa na kushuka baada ya dawa. Inakueleza kibofu kinaungua kiasi gani. Haikuelezi kama kuna kinachoota.

Ninayoipenda mimi ni CAA, na inapendeza kwa sababu si ya mwili wako kabisa. Ni protini iliyovikwa sukari, inatoka kwenye utumbo wa mnyoo wenyewe. Waholanzi wa Leiden wameishughulikia kwa miongo. Mnyoo akiwa hai anaitapika kwenye damu yako na sehemu inaishia mkojoni, akifa inatoweka. Inajibu swali moja tu, "mnyoo yupo?", na inalijibu vizuri kuliko kuhesabu mayai, maana mayai yaliyokufa yanaweza kuendelea kutoka kwa wiki kadhaa na ukadhani dawa imeshindwa. Kwa bahati mbaya bado haijafika kwenye zahanati zetu.

---

Mpimaji_Sabaki
Jumanne, saa 8:15 mchana

Daktari, hapo kwenye mayai yaliyokufa umenipiga. Mzee nilipompima baada ya dozi ya kwanza niliona mayai mawili. Sikutazama kama yako hai, kama kilichomo ndani kinacheza. Nikaandika "kichocho bado".

---

DkKaskazi
Jumanne, saa 8:22 mchana

Usijitese. Lakini ndiyo, yai jeusi lisilotikisika si habari mpya. Ni kaburi.

Na kwa mtu wa umri wake hata yai hai halifungi faili. Mayai yanaeleza aliyepita mtoni. Kama damu imerudi baada ya dawa iliyomezwa sawasawa, au anayekojoa damu ana zaidi ya miaka 35 au 40, au mkojo umeanza kutoa vipande kama nyama au uchafu mweupe kama magamba, aende kwenye kamera bila kujali hadubini imesema nini.

---

Chumvi_ya_Gongoni
Jumanne, saa 8:40 mchana

Daktari, hiyo ya tumbaku ulinitaja mimi kwa nini?

---

DkKaskazi
Jumanne, saa 8:43 mchana

Picha yako ya wasifu una sigara mdomoni.

---

Chumvi_ya_Gongoni
Jumanne, saa 8:44 mchana

Ni ya zamani.

---

Mkulima_Mpeketoni
Jumanne, saa 10:10 jioni

Nimecheka peke yangu shambani. Daktari, swali moja la mwisho. Hicho kinyama wanachokata, huko nako mnatumia protini? Au ni macho tu?

---

DkKaskazi
Jumanne, saa 2:30 usiku

Macho kwanza. Seli bapa zikiwa zimekomaa zinatengeneza lulu ndogo za keratini, ile protini ya kucha na nywele, duara ndani ya duara, huwezi kuzikosa, na pembeni mara nyingi mayai yenyewe yamelala kama ushahidi mahakamani. Seli zikiwa zimeharibika mno hazifanani na chochote, hapo ndipo tunapaka rangi za protini. Rangi za GATA3, CK20 na yuroplakini, protini za utando ule laini, zikishika, tunaegemea yurothelia. Zikishika p40 na CK5/6 na zile za kwanza zikakataa, tunaegemea seli bapa. Nasema tunaegemea, maana kuna uvimbe wa yurothelia unaovaa nguo za seli bapa, kwa hiyo hatutumii rangi moja peke yake. Tunapaka pia p53. Hii ni protini ya ulinzi, kazi yake kusimamisha seli yenye jeni mbovu isizaliane. Jeni yake ikiharibika, protini iliyoharibika mara nyingi inarundikana ndani ya kiini na kiini kinashika rangi nyeusi tii.

Tofauti na kiplastiki cha kaunta ni kwamba hapa naiona protini pamoja na nyumba yake. Najua imetoka seli gani, imekaa wapi, jirani yake nani. Mkojoni zote zimekorogwa, hujui ipi ya nani.

---

Mwenyi_Langoni
Jumanne, saa 2:50 usiku

Hapo umenena. Mkoyo ni kama soko la Amu siku ya maulidi. Utamyua nani ni wa wapi?

---

Mpimaji_Sabaki
Ijumaa, saa 9:05 alasiri

Wadau, majibu ya baba mdogo yametoka. Ni seli bapa, na mayai yamo ndani ya kinyama, kama daktari alivyosema. Imeingia kwenye msuli wa kibofu, lakini picha hazijaonyesha kuwa imetoka nje. Ameelezwa kwamba aina hii haisikii sana dawa za saratani zinazopitishwa mishipani na tiba kuu ni kukitoa kibofu chote, mkojo upitishiwe tumboni kwenye mfuko. Mzee aliuliza swali moja tu, kama ataweza kulima na mfuko. Daktari akamwambia ndiyo, akishapona. Akasema basi fanyeni.

Nilikwenda kumwona. Nikamwomba msamaha kwa ile miezi mitano. Akaniambia ile siku niliyompigia simu nikicheka ndiyo siku pekee mwaka huo aliyolala usingizi. Sijui niichukulie vipi.

Kazini nimeanza kitu kidogo. Fomu yetu ya mkojo haikuwa na nafasi ya kuuliza, kwa hiyo nimechora mistari miwili kwa kalamu chini yake: umri, na "hii ni mara ya ngapi damu kurudi baada ya dawa?" Akiwa mtu mzima na jibu ni mara ya pili, siandiki "kichocho" peke yake. Naandika "mayai yameonekana, apelekwe kwa daktari wa njia ya mkojo." Bosi wangu ameuliza nani kaniruhusu kuchora kwenye fomu. Bado tunazungumza.

Na kile kituo cha kiplastiki bado kinauza. Bei imepanda.

---

NesiMstaafu
Ijumaa, saa 10:30 jioni

Mwenyezi Mungu amshushie shifaa. Mwambie ale vizuri kabla ya upasuaji, na atafutiwe damu mapema. Watoto wake wakubwa wakatoe.

---

Chumvi_ya_Gongoni
Ijumaa, saa 11:15 jioni

Mpimaji, niko Malindi kesho. Nitatoa damu mimi pia. Na picha nimeibadilisha, Daktari aangalie.

---

BintiMambrui
Ijumaa, saa 1:40 usiku

Pole sana kaka. Na mimi Jumatatu nataka kumleta kijana wangu, na mimi mwenyewe. Tuje asubuhi na mapema kabla ya foleni?

---

Mpimaji_Sabaki
Ijumaa, saa 1:52 usiku

Usije mapema, dada. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Njoo saa tano, mwambie kijana aruke kamba au akimbie kidogo njiani, kisha akojoe mkojo wote hadi tone la mwisho, la mwisho ndilo ninalolitaka. Na kama unaijua, niletee kilo yake. Umri wake hautanisaidia kuhesabu vidonge.

---

BintiMambrui
Ijumaa, saa 1:55 usiku

Ana kilo 24. Kamba anayo, lakini ni ya dada yake. Watagombana.